Kifungu cha Tisa

Ijumaa jioni, Tukuyu,
Tumpe Mwakalobo alibonyeza namba ya siri
kwa kidole chenye utomvu wa ndizi.
Simu ikajibu: Malipo yamepokelewa.
Yamepokelewa na nani, haikusema.

Mimi najua. Nilikichapa mwenyewe
kifungu cha tisa, ghorofa ya pili, Iringa mjini,
sweta mabegani, chai ikipoa:
"Mchakataji atakaa na fedha
hadi siku mbili za kazi,
wala hatawajibika kwa hasara itokanayo."
Wakili akainama begani pangu:
weka "yoyote" baada ya "hasara".
Nikaweka.

Jumamosi si siku ya kazi.
Jumapili kengele, ukungu; nayo si siku ya kazi.
Elfu kumi na nane na mia tatu za Tumpe
zimelala kwenye akaunti isiyo na jina lake,
zinazaa visenti visivyo vyake.

Jumatatu asubuhi fundi wa maji kaja na spana.
Tumpe kamwonyesha ujumbe.
Fundi kausoma, karudia kuusoma,
akapiga goti topeni, akafunga.

Mchana mvua ikashuka, kama kawaida ya Tukuyu.
Tumpe akakinga ndoo chini ya bati,
ya kwanza, ya pili,
na sufuria.