Mali kwa Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari,
basi wewe, Garrett, ulitua Florida na daftari la jalada la bluu,
kalamu imening'inia kwenye uzi kama ya benki,
na kabla hatujafungua masanduku
ukatuketisha ukingoni mwa kitanda, mimi, Tess na Corbin,
ukatusomea sheria.

Kila mtu, kila siku: mlo mmoja wa mezani,
mlo mmoja wa kaunta, vitafunio viwili,
na kikombe cha plastiki kisichojua kuisha.
Chupa ya maji ni kitafunio. Ndizi ni kitafunio.
Keki kubwa kama kofia ya zimamoto, nayo ni kitafunio,
"kwa hiyo," ukasema, "atakayechukua ndizi
simjui, wala hatukuja naye."

Kuku, pointi moja. Kamba koche, pointi moja.
Hatukula kuku siku saba.
Corbin, miaka sita, asiyependa kula kitu chenye macho,
alitazamana na kamba wake mpaka siagi ikaganda;
ukamalizia wewe, kwa niaba yake,
ukaandika: dola arobaini na mbili, zimeokolewa.

Siku ya tatu tukaingia bafe saa nne na dakika hamsini,
kwa bei ya asubuhi, dakika kumi kabla ya sahani kubadilishwa,
mayai mkono huu, mbavu za kuchoma mkono huu.
Mhudumu, Milagros kwa jina la kifuani,
alikiona kidole chako kikihesabu vijiko.
"Mzee," akasema, "chakula hakikimbii."
Ukamjibu: "Saa ndiyo inayokimbia."

Mchana ule Tess akapanda treni ya kupindua watu,
na kule juu, kichwa chini, miguu mbinguni,
akairudishia Florida mlo mzima
na kitafunio kimoja na nusu.
Nilikuona ukifungua daftari.
Nilikuona ukilifunga.

Usiku, ulipokuwa ukikoroma, nililifungua mimi.
Nilitaka kucheka. Nilitaka kujua
matapishi huandikwa safu gani.
Nikafika ukurasa wa nyuma:
kodi ya nyumba. Bima. Meno ya Tess.
Miezi minne, ukiigawa, ukiigawa tena,
na barua ya kiwanda cha matairi, imekunjwa mara nane,
ya tarehe tisa Aprili.
Safari tuliilipia Machi. Fedha hairudishwi.

Nikalirudisha chini ya mto, uzi ukiwa umenyooka.

Asubuhi yake niliagiza nyama ya wakia ishirini,
mimi ninayeshibaga kwa mkate na chai,
nikaila mpaka mfupa ukabaki mweupe.
Hukuuliza kitu.
Ulinisogezea chumvi.

Usiku wa mwisho vilibaki vitafunio kumi na vinne,
kwa sababu ya tumbo la Tess,
na vyote vilikuwa vinakufa saa sita.
Saa sita kasorobo tulikimbia, watu wazima wawili,
viatu mkononi, kando ya bwawa lililozimwa taa,
na kijana wa duka, funguo tayari kidoleni,
akatupimia biskuti za karameli pakiti kumi na nne
huku akipiga miayo kwa kila moja.
Saa sita ilitukuta kwenye lifti.
Daftarini vikafa,
mikononi vikawa bado vina joto la kukimbia kwetu.

Sasa ni Januari, Akron. Theluji imeziba mlango wa gereji.
Lango la kiwanda nalo limezibwa, kwa mnyororo.
Nimeweka mezani biskuti ya mwisho;
imevunjika vipande vitatu, nasi tuko wanne.
Umeishika kalamu. Umefikiri.
Umeiachia ining'inie.

"Gaweni," umesema. "Mimi nilikula kule."