Kwingineko

Tovuti inauliza: Mahali ulipo?
Nabonyeza. Orodha inashuka kama ndoo kisimani:
Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, Dodoma, Mbeya,
navuta, navuta, Newala haimo,
hata Mtwara yenyewe haimo.
Chini kabisa, peke yake, pameandikwa Kwingineko.
Nikapachagua.
Sasa mimi, Somoe binti Nangomwa,
mhitimu wa uhasibu, daraja la pili la juu,
ni mkazi wa Kwingineko.

Asubuhi, ukungu ukipanda kutoka Ruvuma,
nakwenda hadi ukingoni, Shimo la Mungu,
maana pale ndipo mtandao unapokamata.
Siku nyingine unakamata wa ng'ambo.
Simu inatetemeka: Karibu Msumbiji.
Sijavuka hata mtaro,
na bando limekwisha.

Uzoefu: miaka mitatu au zaidi.
Nikaandika: misimu kumi.
Tangu darasa la sita nabangua korosho na mama,
kilo kwa kilo, ada ya sekondari,
kilo kwa kilo, nauli ya chuo,
joho la kukodi, la siku moja, la picha.
Nikafuta.
Nikaandika: sina.

Mafuta ya ganda yanakula ngozi, hayana haraka.
Kijana wa kusajili laini, pale stendi,
alinifuta vidole kwa shati lake mwenyewe,
gumba, cha kati, cha pete,
mashine ikakataa.
"Dada," akasema, "wewe huna alama."
Hata kidole cha shahada hakikusomeka.
Laini ikasajiliwa kwa jina la mjomba,
ndiyo maana kampuni ya simu kila Ijumaa
inanisalimu: Ndugu Chilumba.

Maombi yako yamepokelewa.
Mara thelathini na saba yamepokelewa.
Sijui huko yanakopokelewa
yanakaribishwa kiti,
yanapewa hata maji.

Kisha siku moja: Hongera! Umechaguliwa.
Tuma elfu thelathini na tano ya vipimo vya afya
kabla ya saa kumi.
Saa tisa hiyo. Nilikimbia hadi kibandani.
Mama akafungua pindo la kanga,
akazihesabu, akanyamaza, akazihesabu tena.
"Mwenye ghala letu ni mchoyo, unamjua," akasema.
"Chumvi tu hakupi.
Lakini miaka yote hii
hajanitoza kigoda ninachokalia."
Akafunga pindo, mafundo mawili.
Nililia, si kwa ajili ya kazi,
kwa ajili ya hiyo saa nzima niliyokuwa nayo,
niliyokwisha kuchagua na viatu.

Leo nimerudi ukingoni.
Tangazo la mtunza hesabu, chama cha ushirika, mkoa haukutajwa.
Ujuzi mwingine, kisanduku kinauliza,
hakuna aliyewahi kukijaza kwa ukweli, nadhani.
Nikaandika:
Nabangua kilo nane kwa siku, punje nzima, si vipande.
Najua gunia lililolowekwa maji ili lizidi uzito;
nalijua kwa kuliinua upande mmoja.
Sijawahi kukosea hesabu ya mama.

Nikaweka kidole cha shahada juu ya Wasilisha.
Kioo hakikuuliza kidole ni cha nani.
Kiduara kikaanza kuzunguka,
kinazunguka,
upande huu bado Tanzania.