Mistari ya Risasi

Britta alinijia Jumamosi na ndoo mbili
za vyuma vya kusawazishia magurudumu,
uchafu wa barabara zote za Montana,
akazibwaga bandani kwangu, puu!
"Bwana Ostrander, kwanza fungua mlango."
Nje kuna theluji, nikamwambia.
"Baridi itakukohoza. Moshi wa risasi
hauna hata adabu hiyo."

Ana miaka ishirini na sita, anafunga matairi.
Mimi nina sabini na minne, na bunduki ya babamkwe
ya ukubwa ambao maduka yameshausahau.
Sikumwambia kwamba niliyeyusha risasi
kabla mama yake hajaota meno:
miaka thelathini na mmoja, mpiga chapa wa mji huu,
usiku nasubu mistari, asubuhi naiyeyusha,
harusi na mnada wa ng'ombe chungu kimoja.
Mwanafunzi anayejua
humwondolea mwalimu raha.

Akanifundisha kuchagua.
Kilicho laini hukatika kwa koleo kama jibini.
Kinacholia ukikidondosha ni zinki,
na zinki ndiye yule samaki mmoja aliyeoza.
Glavu za ngozi. Miwani. Viatu vya kufunika.
Kahawa yako ibaki jikoni.
Na maji (hapo akainua kidole),
tone moja likizama ndani ya chungu
chungu kitatapika hadi darini.
Akashusha kola, akanionyesha kovu shingoni,
dogo, la duara,
nukta iliyotua pasipo na sentensi.

Chungu kilipoiva tukatupia kipande cha mshumaa,
tukakoroga. Mwali ukaruka, taka zikapanda juu,
tukazienga kwa kijiko kilichotobolewa,
na chini yake uso uliong'aa
hata nikaona nywele za pua yangu.

Risasi zangu za kwanza zilitoka na makunyanzi
kama vidole vya mfua nguo.
"Kalibu bado ni baridi," akasema, "haijakuamini.
Zirudishe." Nikazirudisha.
Kumi. Ishirini na mbili.
Kisha nikagonga bawaba kwa mpini wa nyundo
ikaanguka moja juu ya taulo kuukuu,
nzima, kingo zake kali,
na sisi wawili tukaiinamia
kama watu waliookota jino.

Ilipopoa aliikwaruza kwa ukucha.
"Laini mno. Tungepata chapa za magazeti ya zamani,
zina antimoni, hizo hukaza."

Nikanyamaza.
Rafuni, nyuma ya makopo ya rangi,
lipo sanduku la sigara. Usiku gazeti lilipofungwa
nilitoka na mistari kumi na miwili mfukoni,
nikijua ni wizi.

Nikampa kioo cha kunyolea,
maana chapa husomeka kinyume.
Akasoma polepole, mdomo ukichezacheza:
*Bi Verlene Ostrander, wa Mtaa wa Reli,*
*ameacha mume, mbwa, na shamba la vitunguu*
*ambalo halijavunwa,*
na kuendelea. Niliisubu mwenyewe, zamu ya usiku.
Koma moja niliikosea.

Akaweka kioo chini. "Hizi haziendi chunguni."
"Kumi na moja haziendi," nikasema.
Nikautoa ule wa mwisho:
*Mazishi ni Alhamisi, saa nne asubuhi.*
"Alhamisi hiyo ilishapita."

"Mstari mmoja hautakaza kitu," akasema,
kwa kuwa ni mkweli.
"Najua."

Ukaelea kidogo. Kwanza ilikwenda saa nne.
Kisha Alhamisi, silabi baada ya silabi,
hadi ikabaki risasi ndani ya risasi,
neno moja tu, ndani ya chungu na ndani ya bunduki,
na mimi nikachota, nikamimina.

Tulinawa mikono mara mbili, maji baridi na sabuni,
kama alivyoagiza. Mlangoni akageuka:
"Usizifyatue kwanza. Zipe wiki mbili.
Zikikaa tu, zinakuwa ngumu zenyewe."

Nikamwambia hilo nalo nalijua.