Wiki Sita Vadsø

Nilifika na andalio la somo la kurasa tisa,
limechapwa, limetobolewa, limefungwa ndani ya jalada la bluu.
Kila dakika ilikuwa na ajira:
saa tatu na nusu, duara;
saa nne kasorobo, rangi za msingi;
saa nne na nusu, lengo limefikiwa.

Torbjørg, msimamizi wangu wa mazoezi,
alilipima kwa kiganja kama muuza samaki,
akaliweka juu ya kabati la glavu.
"Kwanza tuwavike," alisema.

Watoto kumi na wanne.
Mabuti ishirini na tisa,
kwa kuwa moja halina mwenyewe, limekaa kona ile tangu mwaka juzi
na hakuna mwenye moyo wa kulitupa.
Soksi za sufu juu ya soksi za pamba,
ovaroli, skafu, kofia, glavu,
zipu yenye njaa ya kidevu.
Nilipofunga kifungo cha mwisho cha mtoto wa mwisho
Tomine, wa kwanza, akanivuta mkono:
mkojo.

Vitabu vya chuo havina sura ya mkojo.

Nje ilikuwa saa nne asubuhi, na giza la wino uliotiwa maji.
Jua liliaga Novemba; Januari imeanza, halijaleta hata salamu.
Kila mtoto ana kizibao cha kumeremeta,
nami na kurunzi yangu nikahesabu nyota hizo fupi:
kumi na tatu.
Nikahesabu tena, safari hii kwa vidole.
Kumi na tatu.
Watu husema moyo huruka.
Wangu haukuruka. Ulishuka, ukaingia buti la kushoto, ukakaa.

Alikuwa nyuma ya sleji, Áilu,
ameupa mgongo mwanga wetu, theluji imemfunika kizibao.
Tangu nifike hajanipa neno, hata la kunikataa.
Nilikuwa na maswali sita ya kuchochea lugha, ukurasa wa nne.
Nikafungua kinywa. Baridi ikaingia. Nikafunga.
Nikaketi.
Theluji ina namna yake ya kupiga hodi
kwenye suruali ya mgeni.

Alichota konzi, akaniwekea kiganjani.
"Muohta," akasema.
"Mota," nikasema.
Akanitazama kama Torbjørg alivyolitazama jalada.
"Muohta."
Mara tatu, mara nne, hadi ulimi wangu ulipokaa sawa,
ndipo akanyanyuka, akawakimbilia wenzake
kutangaza kwa Kinorwei safi, ambacho kumbe alikuwa nacho siku zote,
kwamba mwalimu mpya hajui kitu.

Wiki ya tatu jua lilitarajiwa.
Tulipanda kilima na maandazi kwenye ndoo.
Mawingu yakaziba kila kitu.
Eskil akalipungia mkono hivyo hivyo, upande usio wake;
tukala maandazi.

Wiki ya tano akaja Bwana Eikrem kutoka chuoni, kwa ndege,
na kalamu mbili na fomu.
Somo langu la maumbo lilidumu dakika nne,
kisha Tomine akatapika juu ya pembetatu.
Nilimfuta yeye, nikaifuta pembetatu, tukaimba jambo jingine.
"Somo lilikuwa wapi?" aliniuliza baadaye, bila ubaya.
Nilitafuta jibu. Bado nalitafuta.

Siku ya mwisho Torbjørg alijaza fomu yake
akiwa amesimama, mtoto kiunoni.
Nafasi ya maoni ilikuwa na mistari kumi na miwili.
Alitumia mmoja:
Anahesabu. Akikosa, anahesabu tena.

Jalada nililisahau juu ya kabati la glavu.
Pengine wameshalishusha,
wakaliweka kona ile, kando ya buti.