Robo Saa

Gavino huchomoa pampu kiunoni
kama mwanamume mwingine avuavyo saa,
akailaza mezani kando ya miwani yangu,
na mrija wake hujikunja
kama uzi uliopotewa na sindano.
Kisha huuliza, bila haya siku hizi:
"Tumekula saa ngapi?"

Haya ndiyo maneno yetu ya mahaba, huku Nuoro,
mlimani, mvua ya Novemba ikipiga dirisha:
Umekula nini. Mkate kiasi gani. Umejidunga lini.
Namba yako ngapi.
Mia na arobaini, husema,
na mimi huisikia tamu kuliko jina langu.

Mwaka wa kwanza sikujua.
Alitetemeka, nikajisifu.
Jasho lilimtiririka shingoni, baridi, la ghafla,
moyo wake ukinibishia kifuani kama mgeni mwenye haraka,
nami nikawaza: Bonaria, binti wa mwoka mikate,
kumbe unayaweza!
Hadi aliponiita Murena.
Murena alikuwa mbwa wa baba yake,
alikufa zamani, kazikwa chini ya mwaloni.
Nilimsukuma. Nikawasha taa nimtukane,
nikakuta macho yapo, mwenyewe hayupo.

Wahenga walionya: chovya chovya yamaliza buyu la asali.
Hawakusema kwamba buyu lenyewe ni damu ya mtu,
kwamba mapenzi nayo ni kazi kama kupanda mlima,
yanalamba mpaka chini kabisa
na mwenye buyu anaona haya kusema: ngoja.

Maana alijua. Hilo ndilo lililoniuma.
Alihisi midomo ikifa ganzi, akanyamaza,
asije akaonekana mgonjwa
mbele ya mwanamke aliye uchi.
Miaka thelathini ya sindano, na bado
aliliogopa neno moja kuliko kuzimia.

Siku hizi kuna kidude mkononi, juu ya kiwiko,
kinalia kama kifaranga.
Kimelia katikati ya mambo mara ngapi? Sihesabu.
Mara ya kwanza nililia nacho.
Mara ya pili Gavino alicheka hadi juisi ikamtoka puani.
Sasa mkono wangu unaijua njia gizani:
droo ya juu, nyuma ya rozari ya mama mkwe
(imeona mengi, Mungu atusamehe),
pakiti ndogo ya juisi ya peasi,
na kama juisi imekwisha, asali ya hapa kwetu,
ile chungu, ya maua yanayochanua baridi ikianza,
anayoimeza amekunja uso kama mtoto.

Kisha tunangoja.
Daktari Puddu alituandikia, kwa kalamu nyekundu:
kunywa, ngoja robo saa, pima tena.
Hakuandika la kufanya na mwanamume
aliyelowa, mtupu, kichwa chake juu ya tumbo langu,
akirudi kidogo kidogo kutoka alikokwenda.

Mimi humwuliza maswali mepesi.
Leo siku gani? Alhamisi.
Nani anatudai? Benki, na kaka yako.
Mimi nani?
Hapo hunyamaza kwa makusudi, mshenzi huyu,
hunyamaza mpaka nimfinye sikio
ndipo aseme.

Kuna usiku tunaendelea. Kuna usiku namba
inapanda shingo upande, usingizi unatuwahi,
pampu inasahaulika mezani hadi alfajiri
na asubuhi nzima tunalipa: mia tatu na kitu,
ananuna, ana kiu, hataki kuguswa,
nami naondoka kwenda kazini bila kuaga.

Jana nilipobadilisha shuka
niliona sisimizi wamejipanga
kutoka dirishani hadi upande wake wa kitanda,
wamefuata tone la peasi.
Nilichukua kitambaa.
Nikakaa kwanza kidogo, nikawatazama wakipita.