Chumba cha Kufulia, Umeå

Nimewaumba mia nne na kumi na wawili
bila udongo, bila pumzi,
kila mmoja mstari wa namba,
na kila mstari nimeutwisha kapu la nguo chafu.
Nimewapa chumba kimoja cha chini, mashine mbili,
na daftari ukutani la kuandikia zamu.

Profesa Sjödin hushikilia
kwamba desturi ni woga uliovaa nguo za heshima:
ondoa faini, ondoa jicho la jirani,
daftari litabaki karatasi.
Basi nikaondoa.
Nikabonyeza kitufe, nikaenda kuchemsha kahawa.

Saa nane mchana, na giza limeshakaa kitako juu ya theluji.
Niliporudi, miaka sita ilikuwa imepita kwenye skrini.
Wiki ya thelathini na moja, mtu mmoja aliiba zamu.
Ya thelathini na mbili, tisa.
Chovya chovya, buyu likakauka;
kufika ya arobaini
hakuna aliyekumbuka daftari ni la nini.
Nikarudia mara elfu. Mara elfu wakagombana.
Sjödin atafurahi.

Jioni nikakumbuka nguo zangu mwenyewe,
nikashuka ngazi mbio, dakika arobaini nimechelewa.
Zamu ilikuwa ya Gunvor wa ghorofa ya tatu,
yule asiyejibu salamu,
aliyewahi kunibandikia mlangoni karatasi ya njano:
*Chujio halijisafishi lenyewe.*
Nilishapanga maneno ya kujitetea.
Hakukuwa na mtu.
Mashine yake inanguruma,
na nguo zangu mezani, zimekunjwa,
soksi pacha kwa pacha,
hata ile iliyofiwa na mwenzake
imelazwa juu, peke yake, kama swali.

Hili niliandikeje?
Faini haipo. Jicho halikuwepo.
Sifa hakuitaka, maana hakungoja.

Usiku nikaongeza mstari mmoja kwenye programu:
mmoja kati ya hamsini, akikuta nguo za mwenzie,
azikunje, kisha asahau.
Wiki ya thelathini na mbili ikapita kimya.
Ya arobaini. Ya mia mbili.
Nikajaribu mmoja kati ya sitini:
wakaanguka wote, kama kawaida yao.

Sijui nimeipima nadharia
au nimemwandikia Gunvor barua ya shukrani
kwa lugha asiyoisoma.
Sjödin atauliza hamsini nimeitoa wapi.

Alhamisi zamu ni yangu.
Chujio nimelisafisha.