Naomba

Dukani, jioni ya kwanza, ng'ambo ya stesheni ya Tabora,
nilisema kama tusemavyo Nakuru: Nipe maji.
Muuzaji akaifuta chupa kwa upindo wa kanga, taratibu,
akauliza, Dada, kwani nilikukopa lini?
Wawili kwenye benchi wakacheka bila kunitazama.
Nililipa. Maji yenyewe yalikuwa ya moto.

Asubuhi nikabeba kamera na miguu yake mitatu
hadi Isevya, kwa Nyamizi binti Kapela,
achujaye asali uani, nyuma ya mlango wa bati la samawati,
ambaye barua yangu ya kibali ilimwita "mhusika".
Mwangaluka, akasema.
Nikasema, Simama hapo.

Simama hapo. Geuka. Jua likupate shavuni.
Inua ndoo. Mimina.
Basi, pikipiki imepita, mimina tena.
Akasema, Asali hairudi ndooni. Ikishashuka imeshuka.
Nikamwambia ajifanye. Akajifanya,
akamimina hewa kutoka ndoo tupu,
na uso wake ukawa uso wa mtu anayemimina hewa.

Palikuwa na mtoto, Shija, akikohoa pembeni.
Nilimtoa kwenye picha kwa kidole, kama mtu afukuzavyo kuku.

Saa saba mchana Nyamizi akaketi juu ya debe,
akalamba kifundo cha mkono, akasema polepole:
Mwenzangu, tangu asubuhi unanipiga.
Umenipiga mbele, umenipiga ubavuni,
hata mgongoni umenipiga, nimeinama.
Kwetu mtu akipigwa hivyo huambiwa pole.

Usiku, chumba namba nne, feni limekufa,
nikavaa hedifoni nisikilize kazi ya siku.
Sikumsikia yeye. Nilijisikia mimi:
nipe mkono, nipe uso, nipe kicheko kidogo,
nipe kama ulivyonipa mwanzo,
sauti kavu ya askari wa forodha akipekua mzigo.
Chini yake, mbali, nyuki.
Chini ya nyuki, kikohozi cha Shija, mara kumi na moja. Nilihesabu.
Halafu nikavua hedifoni, na nje, gizani,
behewa lilikuwa likigonga behewa
pale njia ya Kigoma na njia ya Mwanza zinapoachana.

Nikafanya mazoezi kitandani kama mtoto wa chekechea:
Naomba. Naomba maji. Naomba uniwie radhi.
Neno lilikuwa na mfupa katikati. Lilichelewa kumezeka.

Siku ya pili sikufungua begi.
Naomba nikusaidie, nikasema mlangoni.
Akanitazama viatu, akanitazama kucha, akanipa chujio.
Nilikamua masega mpaka viwikoni,
sikuweza kushika kitu kingine, hata kujikuna pua.
Nyuki mmoja akanidunga hapa, chini ya jicho.
Pole, akasema Nyamizi. Papo hapo.

Begi alilifungua Shija. Nilimwona;
sikuwa na mkono wa kumzuia.
Sekunde thelathini na nane:
vumbi, ukucha wa kuku,
kikohozi chake mwenyewe karibu mno na maikrofoni,
kisha mgongo wa mwanamke mgeni, mpana kuliko nilivyodhani,
ameinamia ndoo, jicho limevimba,
anacheka na mtu asiyeonekana.

Mhariri, Nairobi, aliuliza, Huyu nani? Toa.
Sikutoa. Tuligombana. Bado tunagombana.

Na ile chupa niliyofungashiwa kwa gazeti
ilifyatuka kizibo garini, kabla hata ya Dodoma,
ikavuja ndani ya mfuko wa lenzi.
Nimesafisha kwa spiriti, kwa pamba, hata kwa ulimi.
Pete ya kuvutia picha ingali inakwama mahali pamoja,
umbali wa mkono ulionyooshwa.
Ukitaka karibu zaidi ya hapo
inabidi uinuke, uende.